Mpiganaji Asiye na Mabega

Jicho moja kubwa katikati ya mwili, minyiri inayojikunja na kujikunjua kila upande, hakuna kichwa, hakuna shingo, hakuna uso wa kukasirika wala wa kuumia. Na kiumbe huyo amesimamishwa safu moja na Spider-Man, Hulk, Iron Man, Captain America na Wolverine, nawe unaambiwa chagua! Anaitwa Shuma-Gorath. Tangu nimchague, vidole vyangu havijapumzika, na sitaki vipumzike.

Yumo ndani ya Marvel Super Heroes, gemu ambayo Capcom waliitoa mwaka 1995 kwa mashine za kutumbukiza sarafu, na gemu hiyo imo ndani ya mkusanyo nilioufungua juzi: Marvel vs. Capcom Fighting Collection: Arcade Classics, uliotoka Septemba 2024. Gemu saba ndani ya kifurushi kimoja! X-Men: Children of the Atom ya 1994, halafu hii ya 1995, kisha X-Men vs. Street Fighter, Marvel Super Heroes vs. Street Fighter, Marvel vs. Capcom ya kwanza, na Marvel vs. Capcom 2 ya mwaka 2000 yenye wapiganaji 56. Ya saba ni The Punisher ya 1993, ambayo ni ya kutembea mtaani huku ukiwashusha wahalifu mmoja mmoja. Nzuri, nimeicheza, nimeiacha hapo. Mimi ni mtu wa ana kwa ana.

Ili uelewe kwa nini nashangilia hivi, kumbuka gemu hizi zilivyopotea. Leseni za Marvel zilipoisha muda, Marvel vs. Capcom 2 iliondolewa kwenye maduka ya mtandaoni ya PlayStation na Xbox mwishoni mwa 2013. Marvel Super Heroes nayo ilikuwa imerudi mwaka 2012 ndani ya kifurushi kilichoitwa Marvel vs. Capcom Origins, na hicho pia kikaondolewa mwishoni mwa 2014. Kwa miaka karibu kumi mchezaji mpya hakuwa na duka la mtandaoni la kuzinunua kwa ajili ya konsoli yake. Sasa zimerudi zote kwa pamoja, zimesafishwa, zinawaka, na picha zake zilizochorwa kwa mkono, fremu baada ya fremu, zinapendeza kuliko gemu nyingi za jana na leo. Mashine ya zamani ilikuwa na nukta 384 kwa 224 tu za kuchorea. Tazama misuli ya Hulk inavyotetemeka anapohema, halafu uniambie walipungukiwa na nini.

Turudi kwa mgeni wetu.

Mashujaa wengine wa gemu hii hufika mkononi mwako wakiwa wameshajieleza. Hata kama hujawahi kushika pedi, unajua Hulk atakuwa mzito na ngumi yake itauma. Unajua Spider-Man atarusha utando na kupaa. Captain America atarusha ngao, Wolverine atakuja na makucha. Filamu, katuni za televisheni na fulana za sokoni zimeshakufundisha nusu ya kazi. Shuma-Gorath haji na chochote. Ukimchagua, umechagua usichokijua: hujui anakimbiaje, hujui mkono wake unafika wapi, na hujui hata kama anao mkono. Ndiyo maana nasema kwa kinywa kipana kwamba yeye ndiye mlango bora wa kuingilia gemu hii. Kila kitu utakachokijua juu yake utakuwa umekipata kwa kucheza, na ukishakipata umeijua gemu yenyewe.

Asili yake nimeichimba, nayo ni tamu. Jina lilitoka kwa Robert E. Howard, mwandishi Mmarekani aliyefariki mwaka 1936. Limo ndani ya hadithi yake fupi iliyochapishwa mwaka 1967, miaka 31 baada ya kifo chake. Marvel wakalichukua, na mwaka 1973, katika toleo la 10 la Marvel Premiere, mwandishi Steve Englehart na mchoraji Frank Brunner wakalivalisha mwili: pepo la kale kabisa linalotaka kuingia duniani kwa kupitia akili ya mzee aitwaye Ancient One, mwalimu wa Doctor Strange. Na Strange afanye nini? Njia pekee ya kuufunga mlango ni kumuua mwalimu wake mwenyewe. Anafanya. Hilo ndilo jambo lililomfanya Strange awe mchawi mkuu wa dunia.

Sasa sikiliza hapa. Katika Marvel Super Heroes, Doctor Strange hayumo! Wapiganaji wa kuchagua ni kumi, mabosi ni Doctor Doom na Thanos, na mtu pekee ambaye angeweza kukuelezea huyu pweza ni nani hakualikwa. Capcom walimleta adui bila shujaa wake, wakati ambao nje ya wasomaji sugu wa katuni ni wachache mno waliomjua. Strange hakuingia kwenye mfululizo huu kama mpiganaji hadi Ultimate Marvel vs. Capcom 3 ya Novemba 2011. Miaka kumi na sita pweza alikuwa akipigana peke yake! Ujasiri wa uamuzi ule unanisisimua hadi sasa. Waliona mchoro wa ajabu, wakajiuliza kiumbe kama hiki kingepiganaje, wakalijibu swali hilo kwa vitendo. Waliotazama Doctor Strange in the Multiverse of Madness ya 2022 watamkumbuka yule mnyama wa jicho moja anayevuruga mitaa ya New York mwanzoni. Mule anaitwa Gargantos, lakini ukimtazama mara moja unajua ndugu yake ni nani.

Haya, mikononi. Hapa ndipo kazi ilipo, na kazi kwelikweli.

Mikono ya wengi wetu imelelewa na robo duara: chini, mshazari, mbele, kisha ngumi. Ndivyo Spider-Man anavyorusha mpira wa utando, ndivyo Captain America anavyorusha ngao, ndivyo Wolverine anavyomwaga mvua ya makucha. Ukihama kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine, kidole gumba kinakuta njia ileile. Kwa Shuma-Gorath unachora robo duara unavyotaka na hakuna kinachotoka. Unabonyeza ngumi, unapata ngumi tu, mnyiri mmoja unaochomoza na kurudi. Unachora tena. Mnyiri. Na wakati huo Wolverine ameshakufikia, ameshakurusha juu, anakuchana hewani.

Huyu ni mpiganaji wa kuchaji. Unashikilia nyuma kitambo, unasubiri, halafu unasukuma mbele pamoja na kitufe, na hapo ndipo pigo linafyatuka, kama manati iliyovutwa vizuri. Mtindo huu ni wa tangu Guile wa Street Fighter II, mwaka 1991, na waliokua naye watacheka wakisikia nalalamika. Lakini Guile ni askari mwenye mikono miwili. Ukimwona amechuchumaa unajua anachokisubiri. Kuchaji kwa mwili usioujua ni jambo jingine, kwa sababu huwezi kukisia kitakachotoka, kitatoka upande gani wa mwili, wala kitafika umbali gani.

Ngumi baada ya kuchaji: anarusha jicho! Jicho lenyewe, ambalo linamng'ang'ania mpinzani kisha linalipuka. Teke baada ya kuchaji: anajikunja kuwa mpira wenye miiba na kujitupa mbele. Akiwa karibu kuna mkamato wa kumviringisha mpinzani kwa minyiri na kumnyonya nguvu. Hata ngumi na mateke yake ya kawaida humgeuza umbo, mara mkuki, mara kitu kingine kabisa, na kila moja lina urefu wake na mwendo wake. Hakuna lililofanana na jirani yake. Hapo hapo nilijua kwamba siwezi kumcheza kwa mazoea. Kila kitufe lazima nikiulize upya.

Kijana mmoja wa jirani, aliyekulia kwenye kibanda cha gemu na ambaye Tekken anaicheza huku akipiga soga, alikaa upande wa pili na kumchukua Wolverine. Kwa muda tulikuwa sawa: mimi sijui nafanya nini, yeye hajui nafanya nini. Mwishoni aliweka pedi mapajani.

"Kaka, huyu mtu unamtazama wapi?"

"Mtazame jicho, mdogo wangu."

"Jicho lenyewe si ndilo analirusha!"

Amesema kila kitu. Mchezaji mzoefu wa gemu za kupigana hatazami ngumi ikifika, inapofika imeshachelewa. Anatazama bega linavyopinda, goti linavyoshuka, kiuno kinavyogeuka, na kutoka hapo anajua kinachokuja kabla hakijaja. Skrini inabadilika mara 60 kwa sekunde, na katika fremu chache za mwanzo za pigo lolote mwili huwa unasema ukweli. Shuma-Gorath hana bega. Hana goti, hana kiuno. Lugha yote ya mwili ambayo tumejifunza kuisoma kwa miaka, kwake haina maana. Mpinzani anapofuka macho, nawe uliyemshika unapofuka pia, na pambano lote linageuka swali la nani atajifunza kuona kwanza.

Na mkusanyo huu unakupa mahali pa kujifunzia! Mashine za zamani hazikuwa na chumba cha mazoezi. Ulijifunza kwa sarafu zako. Hapa kila gemu ya kupigana ina mazoezi yake, na ndani yake unaweza kuwasha masanduku ya rangi yanayoonyesha mwili wa kugongwa uko wapi na pigo linafika wapi. Kwa Captain America masanduku hayo yanakuthibitishia ulichokuwa unakihisi. Kwa Shuma-Gorath yanakufungua macho. Ile minyiri inayocheza hewani muda wote, ambayo ulidhani ni ya hatari, mingi ni urembo. Na kuna pigo la chini linaloonekana kama amekohoa tu, kumbe sanduku lake linafika mbali kuliko unavyodhani. Niliwasha masanduku, nikabonyeza vitufe sita kimoja kimoja, nimesimama, nimechuchumaa, nikiwa hewani. Hapo mchoro wa ajabu ulianza kuwa mpiganaji.

Kisha likaja lile lililonifanya niruke kutoka kwenye kiti. Kushikilia nyuma ndiko kuchaji. Kushikilia nyuma ndiko pia kujikinga! Ukishikilia mshazari wa chini na nyuma unazuia mateke ya chini huku manati inavutwa. Kwa hiyo kila sekunde Wolverine anayotumia kukuandama, anakuchajia mwenyewe. Anapiga, unazuia, anapiga, unazuia, anavuta pumzi, na mpira wa miiba unamwingia kifuani. Nikagundua pia kwamba ukiruka hewani kidole kinaweza kubaki nyuma, kwa hiyo unatua ukiwa umeshachaji. Na kwamba ngumi ndogo za kuchuchumaa zinapigika kidole kikiwa palepale, halafu mbele, teke, na kombo imekamilika. Mpiganaji niliyemwona mzito na asiye na mlango wa kuingilia ana milango kila pahali. Inafunguka kwa subira, jambo ambalo gemu hii yenye kasi ya wendawazimu haikutangazi popote.

Maana kasi ipo, na ni ya kulewesha. Mapigo yanaunganika kutoka dogo kwenda kubwa, moja la mwisho linamtupa mpinzani juu, unaruka kumfuata hadi skrini inapanda nawe mawinguni, mnamalizana huko. Juu ya hayo kuna vito sita, kwa sababu hadithi ya gemu imechota kutoka The Infinity Gauntlet ya mwaka 1991. Vito vinadondoka katikati ya pambano, mnanyang'anyana. Kimoja kinaongeza nguvu ya pigo, kimoja ulinzi, kimoja kinarudisha uhai, kimoja kinajaza kipimo cha pigo kuu, kimoja kinayapa mapigo yako ya kawaida risasi za kuruka. Kile cha wakati kinakuongezea mwendo. Mpe kito cha wakati kiumbe mzito mwenye minyiri! Mpinzani aliyekuwa ameshaizoea kadiri ya mwendo wako anajikuta anapigana na mtu mwingine kabisa.

Pigo lake kuu linaitwa Chaos Dimension. Mengi ya mapigo makuu ya gemu hii ni moto na miale: Iron Man anavuta mzinga mkubwa kuliko mwili wake na kumwaga mwanga skrini nzima, na mtu aliyejikinga anapunguza madhara. La Shuma-Gorath ni la kukamata, na kinga haisaidii dhidi ya mkono unaokushika. Lazima uwe karibu, na kumkaribia mtu ukiwa na mpiganaji wa kusubiri ndiyo kazi iliyobaki. Kwa hiyo unamfundisha mpinzani uongo. Unarusha jicho, anazuia. Unarusha tena, anazuia, ameshakubali kwamba kazi yake ni kukaa na kuzuia. Halafu unasogea, naye bado amejikunyata akizuia. Mara ya kwanza iliponitokea kwa makusudi, kijana wa jirani aliinuka, akazunguka kiti, akarudi, akasema "Rudia." Nikarudia!

Kwa wasiotaka kupitia tanuri hili lote kwa mara moja, mkusanyo unaruhusu kupanga mapigo maalumu kwenye kitufe kimoja. Najua kuna wazee wa gemu watakaokunja uso. Mimi naipenda. Mchezaji mgeni anastahili kuona jicho likiruka siku ya kwanza, ashangae, apate hamu, ndipo mkono ujifunze kuchaji. Ila kwa Shuma-Gorath nashauri uizime mapema, kwa sababu kuchaji ndiko kunakokufundisha kukaa kwenye kinga, na bila kinga atakayekutana nawe atakuchana vipande.

Kinachokosekana ni mwalimu. Orodha ya mapigo inakuambia ubonyeze nini. Haikuambii lini, wala kwa sababu gani. Kwa Spider-Man utaelewa mwenyewe. Kwa kiumbe ambaye hujui hata kama anatazama kulia au kushoto, kurasa mbili za maelezo zingekuwa sadaka kubwa. Jumba la picha na muziki lililomo ndani limejaa michoro ya zamani ambayo ningeweza kuitazama hadi alfajiri, kwa hiyo nafasi haikuwa shida.

Mtandaoni wametumia mfumo wa kurudisha nyuma. Mashine yako haisubiri habari kutoka kwa mpinzani wa mbali. Inakisia atakachobonyeza, inaendelea, na ikikosea inarudi fremu chache na kusahihisha haraka kiasi kwamba mara nyingi jicho halioni. Kwa gemu zilizotengenezwa kwa ajili ya watu wawili wanaogusana viwiko mbele ya mashine moja, hili limezipa uhai mwingine. Mtandao ukiwa thabiti nilisahau kabisa kwamba niliyekuwa nikipigana naye hayuko chumbani.

Shuma-Gorath yumo katika gemu tatu za mkusanyo huu. Anza na Marvel Super Heroes, mmoja kwa mmoja, ambako hakuna mwenzio wa kuingia kukuokoa na lazima mjuane wewe na yeye. Kisha Marvel Super Heroes vs. Street Fighter, wawili kwa wawili, ambako jicho lile linamrukia Ryu mwenyewe, na kukiona kioja hicho tu ni thamani ya kutosha. Halafu Marvel vs. Capcom 2, watatu kwa watatu, ambako vitufe sita vya mapigo vinakuwa vinne, viwili vinabaki vya kuita wenzako, na mpangilio wote wa vidole unabidi uanze upya. Huko ndiko ninakoelekea sasa hivi. Magneto nimemweka mbele kwa ajili ya kasi, pweza nyuma yake akisubiri. Nafasi ya tatu bado iko wazi, na kuna wapiganaji 54 wa kujaribu!